Matundu Yaliyoachwa Bila Dawa

Binti yangu wa mwisho aliugua tetekuwanga akiwa mtu mzima, na mtu mzima akijikuna hujikuna kwa nguvu za mtu mzima. Nilimfunga vitambaa mikononi, akavifungua kwa meno. Alipopona, mashavu yake yote mawili yalikuwa na mashimo, mengine ya kuingia punje ya mtama. Hayo mashimo ndiyo yaliyotupeleka Shinyanga kwenye sindano.

Tulikuwa tunakaa Rwamgasa. Mume wangu alikuwa anachimba dhahabu na wenzake, mimi napikia wachimbaji chini ya turubai. Ilikuwa miaka ya tisini inaelekea mwisho, baada ya zile mvua za elnino zilizojaza mashimo maji. Zamani binti ndiye aliyepeleka sahani mbele. Baada ya ule ugonjwa akawa haondoki nyuma kwenye masufuria, na hata huko nyuma kajifunga kanga mpaka kwenye macho.

Wachimbaji shimo lao wanaliita duara, na watu wale wakisubiri chakula hawana adabu mdomoni.

"Mama," mmoja aliniambia, "huyo binti ana maduara mangapi usoni?"

"Uliza kama yana dhahabu," akasema mwenzake.

"Bado hayajafika kwenye mwamba."

Nikamwambia yule aliyeanza, "Wewe una duara moja tu usoni, na halijawahi kufungwa." Wakacheka, wakala. Lakini mwanangu alikuwa nyuma ya turubai na alisikia yote.

Mama mmoja wa Katoro mwenye duka la nguo alimtaka akauze kwake. Binti akakataa. Akakataa kwenda gulioni, akakataa kwenda kanisani, mwishowe akakataa kwenda kisimani watu wakiwepo. Mimi si mtu wa urembo. Hata sasa sijui kioo kina faida gani kwa mtu mwenye kazi. Nilitaka kitu kimoja: mtoto aondoe kanga usoni atembee kama watu. Nikiangalia nyumba za jirani niliona jinsi mtu anavyoweza kuzeeka ndani akiwa bado kijana.

Habari za daktari nilizipata kwa muuza mitumba. Alisema Shinyanga mjini kuna binti wa Kihindi, wa wenye duka la vitambaa, amesoma ng'ambo mambo ya ngozi, amerudi, anatibia kwenye chumba nyuma ya duka la baba yake. Alimwona kijana mwenye makovu ya chunusi akitoka pale na uso wa kufaa. Nikamwambia mume wangu. Akasema, "Mashimo hayaui." Nikamwambia, "Ya kwako ndiyo yanaua, na kila asubuhi unashuka." Akatutafutia nafasi kwenye lori linalopita Ushirombo na Kahama.

Daktari alikuwa msichana mdogo tu, mwembamba, nywele kazifunga nyuma. Nilifikiri ni muuguzi. Akanisalimia, "Mwadila, mayu," Kisukuma kabisa, cha mtoto aliyekulia kwenye kaunta ya duka. Nikaitika. Akamweka binti dirishani, akamfunua kanga taratibu, akatazama muda mrefu bila kusema pole. Hilo nililipenda. Halafu akamshika mikono.

"Mama, tazama vifundo vya vidole vyake."

Nikatazama. Vidole vilikuwa vya maji ya kunde, vifundo vyeusi kama vya mtu mwingine.

"Anapaka nini?" daktari akaniuliza.

"Mafuta ya mgando."

"Na kingine?"

Binti akaangalia chini. Nikamwambia, "Sema, au niseme mimi kwa mkono wangu." Akasema. Alikuwa anapaka mkorogo, kakopo kadogo alikaficha kwenye gunia la unga. Alifikiri uso ukiwa mweupe mashimo hayataonekana.

Daktari hakugomba. Alisema ngozi iliyochunwa na mkorogo haichomwi sindano, itaungua. Aache kabisa, mwezi mzima kwanza. Asitembee na uso wazi juani. Asitumbue kipele, asijikwangue. Halafu akaniona bega langu. Nina kovu la chanjo ya ndui ya utotoni, limevimba kama mdudu amelala chini ya ngozi. Akaligusa.

"Na yeye makovu yake huvimba hivi?"

"Sijui. Hana kovu lingine ila hayo."

Akakunja uso. Alisema kuna damu za watu ambazo kidonda kidogo huota kikawa kinundu, na kama binti amechukua damu yangu, sindano zitamfanya vinundu uso mzima. Akamchoma kidogo nyuma ya sikio, mahali pasipoonekana. "Mkirudi nitaangalia hapa. Pakiwa pamevimba, sitamgusa."

Basi tukarudi Rwamgasa na alama nyuma ya sikio. Kakopo ka mkorogo nilikatupa chooni na kifuniko chake. Binti nilimvalisha kofia ya pama ya baba yake, nikamwondoa kwenye moto. Kila asubuhi nilimgeuza kichwa nikapapasa nyuma ya sikio kwa kidole. Nilikuwa napapasa kwa kuogopa damu yangu mwenyewe. Siku nyingine nilihisi kinundu, kumbe ni mfupa. Yeye alisimama tu, ameinamisha shingo, ananiachia.

Hapakuvimba.

Tuliporudi Shinyanga daktari alipapasa mwenyewe, akasema, "Haya." Alituonyesha kifaa. Kilikuwa kama kalamu nene yenye waya, mbele kuna sindano ndogo ndogo zimekusanyika. Alisema ng'ambo watu huchorewa picha mwilini kwa kifaa hicho, ila chake hakina wino.

"Sasa kama hakina wino wala dawa, kinafanya nini?" nikamuuliza.

"Kinatoboa tu, mama. Ngozi ikitobolewa kidogo kidogo inajijenga upya, na ikijijenga inajaza shimo."

"Na ikikataa?"

"Ikikataa, uso utabaki mweusi, au utaota usaha. Ndiyo maana baada ya hapa kazi ni yako kuliko yangu."

Alimsafisha uso, akampaka dawa ya ganzi, tukasubiri mpaka binti akasema mashavu yamekuwa ya mtu mwingine. Kisha kile kifaa kikaanza kulia kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Nilikaa pembeni nimeshika miguu ya mwanangu. Nimezaa, nimezika, nimeona mtu akitolewa shimoni, lakini kuona damu ikitoka kwenye shavu la mtoto kwa matone madogo kama jasho, na mtoto ametulia, hilo lilinikausha mate. Hakulia. Vidole vya miguu tu vilijikunja mkononi mwangu, vikajikunjua.

Daktari akaniambia masharti akinitazama machoni. Maji yaliyochemshwa yakapoa, na mafuta yake ya kwenye chupa, basi. Jua asilione. Moshi asiukaribie. Vumbi vilevile, kwa hiyo lori la kwenda Rwamgasa bado. Mkono usimguse usoni, hata wangu kama haujanawa na sabuni. "Na usimpake chochote, mama. Chochote kile kitaingia ndani na kubaki ndani."

Sasa tungekaa wapi, kama si kwa wifi yangu.

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, nyumba yake ilikuwa nje kidogo ya mji, upande wa mawe. Kazi yake ilikuwa kuchanja watu chale. Watoto wa degedege, wafugaji wanaoogopa nyoka, wafanyabiashara wanaotaka wateja, wote walikaa kwenye kigoda chake. Siku hizo kila mtu alikuja na wembe wake mpya kwa kuogopa ukimwi, lakini dawa ilikuwa yake: mizizi iliyochomwa, ikasagwa, ikawa unga mweusi, akausugua kwenye chale damu ingali mbichi. Mimi mwenyewe amenichanja.

Alimfunua binti kanga, akarudi nyuma hatua.

"Nani amekufanya hivi?"

Nikamweleza. Alisikiliza vizuri mpaka mwisho, halafu akauliza, "Na dawa amepaka ipi?"

"Hakupaka dawa, wifi. Ni mafuta tu ya kulainisha."

Akacheka. Alifikiri namtania. Alipoona sicheki, akaacha.

"Wifi. Mtu amemtoboa mwanangu uso mzima, halafu akanawa mikono? Amelima shamba, mbegu kaziacha ghalani?"

"Ndivyo anavyotibu."

"Hiyo ni kazi nusu. Matundu yote hayo wazi! Kila mwenye jicho baya atapita humo kama mlango wa soko."

"Daktari amekataza."

"Daktari ni nani kwa huyu mtoto? Mimi ni shangazi yake."

Hilo lilikuwa kweli, na tulikuwa kwake. Kwa desturi yetu mtoto ni wa upande wa baba, na shangazi ana neno. Ningeweza kubishana na mume wangu, lakini wifi yangu nilikuwa nakula ugali wake. Nikamwingiza mtoto chumba cha ndani.

Siku zile zilikuwa ngumu. Shinyanga kuni hakuna, wifi alikuwa anapikia samadi ya ng'ombe, na moshi wake unauma macho nyumba nzima. Nikaziba mlango wa chumba kwa blanketi. "Siku hizi moshi wangu unanuka?" wifi akauliza akiwa jikoni, kwa sauti ya kunifikia. Wageni wakija kumwona mgonjwa nilisema amelala. Nilisikia wakisema nje kwamba nimekuwa na kiburi cha pesa za dhahabu, kana kwamba niliwahi kuziona. Nilichemsha maji, nikayafunika, nikalala mbele ya mlango.

Uso wenyewe ulinitisha. Kwanza ulivimba ukawa mwekundu na moto, macho yakawa mistari tu. Kisha ukakauka, ukawa mweusi na wa kukwaruza kama gome la mti. Daktari alikuwa amenionya kwamba ungefanya hivyo, lakini kuonywa hakupunguzi kitu unapokiona. Nilificha kioo. Sikufikiria beseni. Asubuhi moja aliinama kunawa mikono, akajiona kwenye maji.

"Mama, nimekuwa vibaya kuliko mwanzo."

"Ni maganda. Yataanguka."

"Nawe hujui. Umeambiwa tu."

Ni kweli, nilikuwa nimeambiwa tu. Nikachukua ndoo kwenda bombani. Foleni ilikuwa ndefu, akina mama wanagombana nani katangulia. Moyo wangu haukutulia. Nikaacha ndoo kwenye mstari nikarudi mikono mitupu.

Blanketi lilikuwa limefunuliwa. Binti amekaa kwenye kigoda, uso juu, macho amefumba. Wifi amesimama mbele yake, kipande cha kibuyu mkono wa kushoto, kidole cha mkono wa kulia cheusi. Na kidole kilikuwa tayari kimeshafika kwenye taya, chini ya sikio, karibu na ganda lililokuwa limebanduka.

Nilimkamata kiganja. Sijawahi kumshika wifi yangu hivyo, kabla wala baada.

"Niache!"

"Sikuachi."

"Mtoto mwenyewe ameomba! Muulize!"

Nikamtazama binti. Akafumbua macho. "Nimemwomba mimi," akasema. "Mama, angalau hii tunaijua."

Tulisimama hivyo, watu wazima wawili tumeshikana kama watoto wanaogombea kijiko. Kwa mkono uliobaki nilifungua gauni kifuani nikaonyesha chale zangu.

"Hizi ulinichanja mwaka nilioolewa. Zimetoka?"

"Zitoke kwa nini? Na ulikufa?"

"Sikufa. Lakini zipo, nyeusi vilevile. Kifuani nafunika kwa gauni. Uso mzima wa hivi atafunika na nini? Si kanga ileile?"

Hilo halikumgusa. Nililiona halijamgusa. Kwake alama nyeusi ilikuwa ushahidi wa kazi nzuri. Mkono wake ulikuwa bado unasukuma. Ndipo nikasema jambo ambalo sikuwa nimelipanga.

"Wifi, ukichanja mtu wewe, akaenda kwa mganga mwingine, yule akapaka dawa yake kwenye chale zako, utasemaje?"

Mkono ukaacha kusukuma.

"Nitasema ameniharibia."

"Na wewe umewahi kupaka kwenye chale za mwingine?"

"Sijawahi. Aliyefungua ndiye anayefunga." Akatazama kidole chake. "Lazima nimuombe mwenyewe. Wapi huyo mtu wako?"

Nilimwosha binti taya kwa maji yaliyopoa, nikarudia na kurudia. Weusi ulipungua, haukuisha. Kisha tukafunga safari wote watatu, binti na kofia ya pama na kanga juu yake, wifi na kibuyu chake kwenye kitambaa. Njia nzima nilikuwa nawaza kwamba daktari atamcheka wifi, wifi ataondoka na mtoto, na mimi nitabaki katikati ya barabara.

Daktari alipofungua mlango, wifi alimkodolea macho.

"Wewe si yule mtoto aliyekuwa anakaa juu ya kaunta anakula bisi?"

Msichana akamtazama, akacheka. "Shikamoo, bibi. Wewe ni bibi wa kaniki. Ulikuwa unamwambia baba apime kitambaa kwa mkono wako, si wa kwake."

"Marahaba. Baba yako ana mkono mfupi." Wifi alikuwa ananunua kwao kaniki na shanga za kazi yake tangu zamani. Akakaa. "Nimekuja kuomba. Umemchanja mwanangu hukumfunga. Nina dawa. Nipe ruhusa nimfunge."

Daktari hakumcheka. Alikuwa anatazama taya la binti, na uso wake ulibadilika. Alisafisha pale kwa pamba, akatazama tena, akanitazama mimi.

"Hapa weusi umeingia," akasema. "Hautatoka wote." Kisha akamgeukia wifi. "Bibi, siwezi kukupa ruhusa. Ngozi yake ndiyo inafunga yenyewe, nikiweka kitu juu itafungia hicho kitu ndani. Lakini nimempa masharti: jua hapana, moshi hapana, vumbi hapana, mkono wa mtu hapana, mpaka maganda yaanguke yenyewe."

Wifi akazungusha kibuyu mapajani.

"Kwa hiyo yuko kwenye miko."

"Ndiyo, bibi. Miko."

Wifi akanigeukia kwa hasira ambayo sikuitegemea. "Mtoto yuko kwenye miko, na wewe unaniambia daktari amekataza! Kukataza ni kwa polisi. Ungeniambia ana miko, ningethubutu kumgusa?"

Masharti nilikuwa nimeyasema kwa maneno niliyopewa.

Tangu tulipotoka pale sikulala tena mlangoni, kwa kuwa mlango ulipata mwenyewe. Wifi alikata tawi akalichomeka nje ya nyumba ili watu wajue ndani kuna mtu wa miko. Jiko alilihamishia kwa jirani, wakapika pamoja. Mke wa mwenyekiti alikuja na michembe ya viazi kumpa mgonjwa pole, wifi akapokea michembe na kumrudisha mwenyewe. Mimi mama mzazi nikiingia chumbani ananiuliza, "Umenawa?" Nikisema nimenawa, anataka nimwonyeshe. Binti alipoinua mkono kujikuna, sauti ilitoka uani, wala sijui alionaje: "Mkono chini!"

Maganda yakaanza kuanguka. Chini yake ngozi ilikuwa ya rangi nyingine, laini, ya kutia hofu. Hatukuthubutu kusema kitu. Daktari alimtoboa tena baada ya muda, na tena, na kila mara wifi alikaa kwenye benchi nje akichunga mlango.

Mashimo hayakuisha yote. Sikuambiwa kwamba yataisha. Yale makubwa yakawa madogo, madogo yakajaa, na ukiwa mbali uso ulikuwa uso. Kwenye taya, chini ya sikio, pamebaki doa jeusi la ncha ya kidole cha shangazi yake, na haliwezi kutoka.

Siku tuliyorudi Rwamgasa nilipika kama kawaida. Sikumwambia kitu. Wachimbaji walikaa chini ya turubai wakigonga vijiko. Nilijaza sahani ya kwanza nikaiweka mezani nyuma, mahali pake pa siku zote, nikageukia moto. Nilisikia kanga ikifunguliwa. Nilipogeuka sahani haikuwepo, na kanga ilikuwa imening'inia kwenye mti wa turubai.

Yule mwenye duara lisilofungwa alikuwa palepale.

"He! Mama, haya maduara yamefukiwa?"

Nilishika upawa, nikawa tayari.

"Yamefukiwa," binti akamjibu, anamwekea sahani. "Dhahabu tulishatoa zamani. Wewe bado unachimba nini hapa? Sogeza mguu nipite."

Wenzake walimcheka mpaka akainamia ugali. Binti akarudi nyuma, jasho linamtiririka usoni waziwazi, akanyoosha mkono. Nikampa sahani ya pili.